Namna ya kukokotoa umbali na muda wa safari ya ndege kati ya viwanja viwili vya mbali

Ukiandika majina ya miji miwili kwenye tovuti ya kukokotoa umbali, unajibiwa papo hapo: kilomita kadhaa, saa kadhaa, na mstari uliopinda juu ya ramani. Uliza São Paulo hadi Tokyo, utaambiwa umbali ni kama kilomita 18,490 na safari ni ya saa 23 na dakika 7. Namba ya kwanza ni sahihi. Ya pili imepatikana kwa kugawanya ile ya kwanza kwa 800, mwendo wa kukisia tu, na hakuna ndege ya abiria yenye ratiba inayoruka kati ya miji hiyo bila kutua njiani. Mtu anayetaka kujua atafika siku gani na saa ngapi hawezi kuitegemea.

Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe kwa kikokotoo cha simu au jedwali la kompyuta, na jibu lako litakuwa bora kuliko la tovuti. Nitatumia São Paulo na Tokyo kama mfano mkuu, kwa sababu ni mbali kiasi kwamba karibu kila mtego wa hesabu hizi unajitokeza humo.

Hatua ya 1: Taja uwanja, si mji

Tokyo ina Haneda (HND) na Narita (NRT), na kutoka kimoja hadi kingine kwa basi au treni huchukua zaidi ya saa moja. New York ina JFK na LGA, na pia watu huhesabu EWR, ambao kwa kweli uko New Jersey. San José ya Costa Rica ni SJO, San Jose ya California ni SJC. Sydney ya Australia ni SYD, lakini Kanada nako kuna Sydney, uwanja wake ni YQY, na kuna wasafiri waliojikuta huko baada ya kununua tiketi wakidhani wanakwenda Australia.

Kwa hiyo anza kwa kuandika herufi tatu za kila uwanja. Ndizo zinazochapishwa kwenye tiketi na kwenye lebo ya begi. Ukikutana na herufi nne, kama SBGR au RJAA, hizo ni za marubani na waongoza ndege. Ni viwanja vilevile kwa utambulisho mwingine. Katika mfano wetu tutatoka GRU, yaani Guarulhos, kwenda NRT.

Hatua ya 2: Tafuta latitudo na longitudo, na uwe mwangalifu na alama

Kila uwanja una namba zake mbili, na zinapatikana kwenye ramani yoyote ya intaneti au kwenye makala za ensaiklopidia kuhusu uwanja husika. Ziandike kwa desimali. Kilicho kusini mwa ikweta au magharibi mwa Greenwich hupewa alama ya kutoa:

GRU: −23.44, −46.47
NRT: 35.76, 140.39

Makosa mengi ya hesabu hizi huzaliwa hapa. Mtu akisahau alama ya kutoa, São Paulo inahamia kaskazini mwa ikweta bila yeye kujua. Kosa la pili ni kuchanganya dakika na desimali. Vyanzo vingine huandika 35°30′, na hiyo ni 35.5, si 35.30, kwa kuwa digrii moja ina dakika 60. Kosa hilo dogo tu linakupoteza zaidi ya kilomita 20.

Desimali mbili zinatosha. Digrii moja kwenye uso wa dunia ni kama kilomita 111, hivyo 0.01 ni kilomita moja na kidogo, na hakuna safari ya saa 20 inayobadilishwa na kilomita moja.

Hatua ya 3: Kokotoa umbali wa duara kuu

Njia fupi kati ya nukta mbili juu ya tufe ni kipande cha duara kuu, yaani duara linalopita juu ya uso wa dunia na kitovu chake kikiwa kitovu cha dunia. Ndiyo maana mstari wa safari hupinda kwenye ramani bapa. Ukivuta uzi juu ya tufe la mezani kati ya miji hiyo miwili, utauona umenyooka. Ramani ndiyo imepinda.

Kanuni ya kutumia ni hii. Chukua sini ya latitudo ya kwanza, zidisha kwa sini ya latitudo ya pili. Kando, chukua kosini ya latitudo ya kwanza, zidisha kwa kosini ya latitudo ya pili, kisha zidisha tena kwa kosini ya tofauti ya longitudo. Jumlisha matokeo hayo mawili. Jibu ni kosini ya pembe kati ya viwanja viwili ukiwa katikati ya dunia. Itafute pembe yenyewe kwa kitufe cha kosini kinyume, kisha zidisha kwa 111.2.

Kwa mfano wetu, tofauti ya longitudo ni 140.39 kutoa −46.47, yaani 186.86. Imezidi 180, maana yake tumezunguka upande mrefu. 360 kutoa 186.86 ni 173.14. Kosini haijali utumie ipi kati ya hizo mbili, lakini ni vizuri kujua ipi ni ya kweli. Sehemu ya kwanza ya hesabu inatoa −0.2325, ya pili −0.7392, jumla −0.9716 baada ya kukadiria. Pembe yake ni digrii 166.3. Zidisha kwa 111.2, unapata takriban kilomita 18,490.

Kwenye jedwali la kompyuta, weka latitudo katika B1 na B2, longitudo katika C1 na C2, halafu andika:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(B1))*SIN(RADIANS(B2))+COS(RADIANS(B1))*COS(RADIANS(B2))*COS(RADIANS(C1-C2)))

Hiyo 6371 ni nusu kipenyo cha wastani cha dunia kwa kilomita. Dunia si tufe kamili. Kwenye ikweta nusu kipenyo ni 6,378 na kwenye ncha ni 6,357. Kwa hiyo jibu lako linaweza kutofautiana na la programu za kitaalamu kwa takriban asilimia 0.3 hadi 0.5. Kwenye safari ya kilomita 10,000 hiyo ni kilomita 30 hadi 50, ambazo ndege huzimaliza kwa dakika mbili tatu. Usikeshe juu yake.

Njia mbili za kujikagua. Kwanza, mzunguko wa dunia ni kama kilomita 40,030, hivyo hakuna viwanja viwili vinavyoachana kwa zaidi ya kilomita 20,015 hivi. Ukipata 24,000, rudi kwenye alama za kutoa. Pili, angalia vipimo. Maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609, maili ya baharini ni 1.852, na usafiri wa anga hutumia ya baharini. Safari yetu ni maili 11,490 za nchi kavu au 9,984 za baharini. Mtu akikutajia "maili" bila kusema zipi, muulize, kwa sababu tofauti kati ya hizo mbili inakaribia asilimia 15.

Kama hesabu za sini na kosini si za kwako, tovuti ya Great Circle Mapper inakuchorea njia na kukupa umbali kwa herufi tatu tu za kila uwanja. Hata hivyo ni vyema kufanya hesabu mara moja kwa mkono, ili siku namba ikikaa vibaya uitambue.

Hatua ya 4: Je, kuna ndege inayoweza?

Safari ndefu kuliko zote zenye ratiba ya kawaida bila kutua ni ya Singapore hadi JFK, kilomita 15,349, zaidi ya saa 18 na nusu, inayorushwa na Singapore Airlines kwa Airbus A350-900 iliyoongezewa uwezo wa kubeba mafuta. Perth hadi London ni takriban kilomita 14,500, na Auckland hadi Doha ni umbali unaokaribiana na huo. Juu ya hapo ni mipango: mwaka 2022 Qantas waliagiza A350-1000 kumi na mbili kwa nia ya kuunganisha Sydney na London moja kwa moja, takriban kilomita 17,000.

Kwa hiyo kilomita 18,490 hazifikiki kwa mruko mmoja. Hata umbali mfupi zaidi hauna uhakika, maana ndege kuweza kufika hakumaanishi kuwa kuna abiria wa kutosha wa kuijaza. Baada ya kupata umbali, angalia kwanza kama kuna safari ya moja kwa moja. Isipokuwepo, hesabu ya njia nzima haina kazi tena, igawe vipande.

Hapa kuna jambo linalofurahisha. Rudia hatua ya 3 kwa GRU hadi JFK, unapata kama kilomita 7,660. JFK hadi NRT ni kama 10,830. Jumla ni 18,490, sawa na njia ya moja kwa moja! New York imekaa karibu kabisa juu ya mstari mfupi kati ya São Paulo na Tokyo, jambo ambalo ramani ya ukutani haiwezi kukuambia. Sasa pitia Doha: 11,860 na 8,300, jumla 20,160. Umeongeza kilomita 1,670, sawa na karibu saa mbili angani.

Je, New York ndiyo jibu? Si lazima. Marekani haina utaratibu wa abiria wa kimataifa kupita uwanjani bila kuingia nchini. Hata kama unabadilisha ndege tu, unapita uhamiaji, na unahitaji viza au kibali cha kusafiri kulingana na pasipoti yako. Kwa msafiri asiye na viza hiyo, kati ya njia hizi mbili inayobaki ni ile ya kilomita 20,160.

Hatua ya 5: Ongeza kilomita ambazo ramani haizioni

Ndege hazifuati duara kuu kwa uaminifu. Zinapita kwenye njia zilizopangwa na waongoza ndege, zinazunguka radi, zinakwepa anga zilizofungwa. Kwa safari nyingi za mbali, ongeza asilimia 3 hadi 5 juu ya umbali uliokokotoa.

Wakati mwingine asilimia hizo hazitoshi kabisa. Helsinki hadi Tokyo ilikuwa safari ya saa tisa na kitu, ikipita juu ya Urusi. Anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya nchi nyingi za Ulaya mapema mwaka 2022, safari hiyohiyo ikawa ya saa 13 hivi, ikilazimika kupitia upande wa ncha ya kaskazini au kuzunguka upande wa kusini. Umbali wa duara kuu haukubadilika hata mita moja. Mashirika ya China yanaendelea kupita juu ya Urusi, hivyo viwanja viwili vilevile vinaweza kuwa na muda tofauti kulingana na bendera iliyochorwa kwenye mkia wa ndege. Kabla ya kuamini namba yoyote inayohusu Ulaya na Asia ya Mashariki, uliza ni shirika gani.

Sababu nyingine ni usalama. Ndege ya injini mbili hairuhusiwi kwenda mbali na kiwanja cha dharura kupita muda ilioidhinishwa, ukihesabiwa kwa mwendo wa injini moja. Vibali vya dakika 180 ni vya kawaida, na A350 inaweza kuwa na kibali cha hadi dakika 370. Juu ya bahari za kusini, ambako viwanja ni vya kuhesabika, kanuni hii ndiyo inayopindisha njia. Juu ya Tibet tatizo ni lingine. Hewa ikivuja kutoka ndani ya ndege, rubani anatakiwa kushuka haraka hadi kimo cha mita 3,000 hivi ambako watu wanaweza kupumua, na uwanda wa Tibet wenyewe una kimo cha wastani kinachozidi mita 4,500. Ndiyo maana utaona ndege nyingi zikizunguka eneo hilo badala ya kulikata katikati.

Hatua ya 6: Chagua mwendo, kisha uliza upepo unatoka wapi

Boeing 787 na Airbus A350 husafiri kwa takriban Mach 0.85, yaani asilimia 85 ya kasi ya sauti. Katika kimo zinaporuka, hewa ina baridi ya nyuzi −56 au karibu na hapo, na sauti yenyewe huenda kama kilomita 1,060 kwa saa. Hivyo mwendo wa ndege ndani ya hewa ni kama kilomita 900 kwa saa. Ndege ndogo zaidi, Airbus A320 na Boeing 737, ziko kwenye Mach 0.78 hivi, yaani 830. Hiyo 800 ya tovuti haimfai yeyote kati yao.

Lakini hewa nayo inatembea. Katika latitudo za kati, kaskazini na kusini mwa ikweta, kuna mikondo ya upepo wa kasi kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, na yote inavuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kasi ya kilomita 150 au 200 kwa saa ni ya kawaida, na huweza kuvuka 300. Huwa na nguvu zaidi majira ya baridi, wakati tofauti ya joto kati ya ncha na tropiki ni kubwa. Anayekwenda mashariki anasukumwa, anayekwenda magharibi anarudishwa nyuma.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, wakati wa dhoruba kali juu ya Atlantiki, Boeing 747 ya British Airways iliruka kutoka JFK hadi London Heathrow kwa saa 4 na dakika 56. Mwendo wake juu ya ardhi ulipita kilomita 1,300 kwa saa, bila kuvunja kizuizi cha sauti, kwa kuwa hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa inaibeba. Safari hiyo kwenye ratiba huwekewa kama saa saba, na kurudi New York ni kama saa nane. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini njia za ndege hupangwa upya kila siku kwa kufuata upepo. Ndege ziendazo mashariki huutafuta, ziendazo magharibi huukimbia, na mara nyingine hupanda kaskazini sana, mbali na mstari mfupi, kwa sababu kilomita zaidi bila upepo wa mbele ni nafuu kuliko kilomita chache ndani yake.

Kwa hesabu ya nyumbani, tumia hivi:

Safari ya kaskazini na kusini, au inayobaki tropiki: 900.
Kwenda mashariki katika latitudo za kati: 950, au 1,000 majira ya baridi.
Kwenda magharibi katika latitudo hizo: 850, au 800 majira ya baridi.

Hizi ni namba za kukadiria. Upepo wa siku husika utazidi au utapungua.

Hatua ya 7: Geuza mwendo uwe muda wa tiketi

Muda unaoandikwa kwenye tiketi hauanzi magurudumu yanapoacha ardhi. Unaanza ndege inapoondoka getini na kuisha inaposimama kwenye geti la upande wa pili. Ndani yake kuna kutambaa hadi njia ya kurukia, foleni, kupaa kwa mwendo mdogo, kushuka, pengine kuzunguka ukisubiri zamu ya kutua. Ongeza dakika 45 kwa kila mruko. Nyakati za msongamano mkubwa kwenye viwanja kama JFK au Heathrow, weka saa nzima.

Mfano wetu, kupitia New York. Kipande cha kwanza ni kilomita 7,660. Ongeza asilimia 3, inakuwa 7,890. Njia ni ya kusini kwenda kaskazini, hivyo gawa kwa 900: saa 8 na dakika 46. Ukiongeza 45, ni saa 9 na dakika 31. Kipande cha pili, 10,830 na asilimia 3 yake ni 11,155. Tunakwenda magharibi, gawa kwa 850: saa 13 na dakika 7, ongeza 45, ni saa 13 na dakika 52.

Jumla ya miruko miwili ni saa 23 na dakika 23. Imekaribiana na jibu la tovuti kwa bahati tu, kwa kuwa mwendo mdogo mno waliotumia umefidia upepo na dakika za ardhini walizosahau. Na bado hatujagusa muda wa kusubiri New York.

Ratiba halisi za mashirika mara nyingi zitakuwa ndefu kuliko hesabu yako kwa dakika 20 au 30. Si kwamba umekosea. Mashirika hupenda kujiwekea akiba ili ndege ihesabiwe imefika kwa wakati hata ikichelewa kidogo kuondoka.

Hatua ya 8: Saa za ukutani

Tiketi huandika saa za mahali: kuondoka kwa saa ya uwanja unaotoka, kufika kwa saa ya uwanja unaokwenda. Ukitoa moja kwa nyingine bila kujali hilo, utapata upuuzi. Dawa yake ni kupitia UTC kila mara, yaani saa ya kimataifa ambayo saa za nchi zote hupimwa kutoka kwake. Geuza saa ya kuondoka iwe UTC, jumlisha muda wa safari, kisha geuza kwa saa ya unakokwenda.

São Paulo ni UTC−3, Tokyo ni UTC+9, na zote mbili kwa sasa hazisogezi saa kwa misimu. Tuseme unaondoka GRU tarehe 3 saa 22:00, na safari nzima pamoja na saa tatu za kusubiri New York ni saa 26 na nusu. Saa 22:00 ya São Paulo ni 01:00 UTC tarehe 4. Jumlisha 26:30, ni 03:30 UTC tarehe 5. Jumlisha 9, ni 12:30 tarehe 5, saa sita na nusu mchana wa Tokyo. Umeondoka usiku wa tarehe 3, umefika mchana wa tarehe 5, na tarehe 4 yote imeliwa na safari. Tofauti ya saa 12 kamili ina kichekesho chake: saa yako ya mkononi ya mishale huna haja ya kuigusa.

Mstari wa Tarehe wa Kimataifa katikati ya Pasifiki huwachanganya watu zaidi. Chukua Los Angeles hadi Sydney mwezi Julai. Los Angeles ni UTC−7, Sydney ni UTC+10. Ukiondoka tarehe 10 saa 23:30 na safari ikawa ya saa 15, hesabu ni 06:30 UTC tarehe 11, halafu 21:30 UTC tarehe hiyohiyo, halafu 07:30 ya Sydney tarehe 12. Tarehe 11 umeiishi angani tu. Ukirudi, ondoka Sydney tarehe 20 saa 10:00, ambayo ni 00:00 UTC. Kurudi ni kwenda mashariki, upepo unasaidia, tuseme saa 13 na nusu. Ni 13:30 UTC, sawa na 06:30 ya Los Angeles, tarehe 20. Kwa kalenda umefika saa tatu na nusu kabla ya kuondoka, na tiketi haina kosa lolote.

Fanya hesabu hiyo Desemba na majibu yanabadilika, kwa sababu Los Angeles imerudi UTC−8 na Sydney imesogea UTC+11. Tofauti kati yao ni saa 17 Julai na saa 19 Desemba. Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba; Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Kuna wiki chache kila mwaka ambapo tofauti kati ya London na New York ni saa nne badala ya tano. Usihifadhi tofauti za saa kichwani. Zitafute kwa tarehe ya safari, na kumbuka kuwa India ni UTC+5:30 na Nepal ni UTC+5:45, hivyo si kila tofauti ni saa kamili.

Angalizo kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo. Tiketi hutumia saa 24, na tarehe hubadilika 00:00, ambayo kwetu ni saa sita usiku. Ndege inayoondoka tarehe 15 saa 00:40 inaondoka saa sita na dakika arobaini za usiku wa kuamkia tarehe 15. Lazima uwe uwanjani jioni ya tarehe 14. Mtu anayekwenda uwanjani jioni ya tarehe 15 anakuta ndege imeondoka karibu siku nzima iliyopita.

Hatua ya 9: Muda wa kubadilisha ndege

Ukinunua tiketi moja yenye vipande viwili, shirika linawajibika kukupa muda unaotosha, na ukichelewa kwa sababu yao watakutafutia ndege nyingine. Ukinunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa fedha, ni juu yako. Utachukua begi, utapita uhamiaji na forodha, utapanga foleni upya, na ndege ya pili haitakungoja. Kwa tiketi mbili tofauti kwenye uwanja mkubwa, ningeweka si chini ya saa tano, na kama ndege ya pili ndiyo ya mwisho siku hiyo, ningelala hapo. Hakikisha pia herufi tatu za kufikia na za kuondokea ni zilezile. Kufika Narita na kuondokea Haneda ni safari nyingine kamili katikati.

Juu ya muda wa tiketi weka saa tatu za kuwahi uwanjani kwa safari ya kimataifa, na saa moja hadi mbili za uhamiaji na mizigo unapofika.

Hatua ya 10: Linganisha na ndege zilizokwisha kuruka

Tafuta namba ya safari kwenye Flightradar24 au FlightAware, tovuti za kufuatilia ndege, ufungue historia yake ya siku zilizopita. Utaona njia iliyofuatwa kweli na muda halisi. Usichukue siku moja; chukua wiki nzima na utazame muda wa kati, ukiacha ile siku ya dhoruba. Kama safari yako ni ya Januari na unatazama Julai, rudi kwenye hatua ya 6 urekebishe upepo. Angalia pia ni muda gani unaoonyeshwa, kwa kuwa baadhi ya orodha huhesabu kuanzia kuruka hadi kutua na nyingine kuanzia geti hadi geti. Tofauti ya nusu saa kati ya orodha mbili za safari moja mara nyingi ni hiyo tu.